Magunia 40, foleni inasoma 0: useClass na useExisting kwenye Angular

Tuseme unatumia Angular, mfumo wa kutengenezea programu za wavuti, kuwatengenezea programu makarani wa mahindi pale soko la Kibaigwa. Karani anapima gunia, anaingiza kilo, rekodi inahifadhiwa. Komponenti ya mizani, yaani kipande cha programu kinachoonyesha skrini hiyo, haina haja ya kujua kama rekodi imekwenda kwenye seva Dodoma mjini au imebaki kwenye simu ikisubiri mtandao. Yenyewe inaomba `Hifadhi` tu. Injekta, yaani sehemu ya Angular inayogawa huduma kwa wanaoziomba, ndiyo inayoamua ilete klasi gani. Uamuzi huo unauandika kwenye `app.config.ts`, ndani ya orodha ya `providers`:

`{ provide: Hifadhi, useClass: HifadhiYaSimu }`

`Hifadhi` ni tokeni, yaani kinachoombwa. `HifadhiYaSimu` ndiyo klasi itakayoundwa; kama konstrakta yake inahitaji huduma nyingine, iwekee `@Injectable()`. Tokeni yenyewe iandike kama `abstract class`, si `interface`, kwa sababu TypeScript ikishakompailiwa `interface` inafutika na injekta haina cha kushika.

Sasa skrini ya foleni inataka kuonyesha magunia ambayo hayajatumwa, kwa hiyo inaomba `HifadhiYaSimu` moja kwa moja. Wengi huongeza hivi:

`HifadhiYaSimu,`
`{ provide: Hifadhi, useClass: HifadhiYaSimu }`

Hapo umeharibu. Tokeni ni mbili, na `useClass` kila mara huunda kitu chake kipya, hivyo kuna hifadhi mbili, kila moja na orodha yake. Karani amepima magunia 40, foleni inasoma 0, na konsoli imenyamaza kimya. Ni afadhali mara mia kosa la `No provider`, maana hilo linakutajia kilichokosekana. Mstari wa pili uwe:

`{ provide: Hifadhi, useExisting: HifadhiYaSimu }`

Sasa majina ni mawili, kitu ni kimoja. Kuhakiki, weka `console.log('hifadhi imeundwa')` kwenye konstrakta: ujumbe utoke mara moja tu.

Ukitoka mara nyingi, angalia `providers` iliyo ndani ya `@Component`. Huko kila komponenti hupata hifadhi yake, nayo hufa komponenti ikiondolewa. Kwa rasimu ya fomu ni sawa kabisa. Kwa foleni ya magunia ni hasara ya mkulima.

Jambo jingine ni mpangilio: tokeni moja ikiandikwa mara mbili kwenye orodha bila `multi: true` (inayoruhusu zote zikusanywe pamoja), ya mwisho ndiyo inayotumika. Kwa hiyo `HifadhiYaMazoezi` ya kufundishia makarani wapya iweke chini kabisa, na uiondoe kabla ya msimu wa mavuno.