Kumbukizi ya Mwenyekiti na mgeni wake rasmi

Nani alianzisha hii ya kumbukizi ya marehemu kuwa na mgeni rasmi? Nauliza tu, maana naondoka Kanda ya Ziwa tulikuwa na matanga, arobaini kwa wenye kuifanya, misa ya mwaka kwa Wakatoliki, basi, marehemu anaachwa apumzike. Nimerudi nimekuta kamati, bajeti, fulana, mshereheshaji wa kukodi kutoka mjini, na ratiba iliyochapwa ikiwa na kipengele cha kukata keki. Keki, jamani, ya mtu aliyekufa.

Marehemu mnamjua, au mnawajua wa aina yake kama mmekulia mwaloni, pale mitumbwi ya uvuvi inapotia nanga. Aliwahi kuwa mwenyekiti wa kijiji chetu huku upande wa Sengerema, baadaye akaongoza kikundi cha kulinda uvuvi kwenye mwalo, na mpaka anaingia kaburini aliitwa Mwenyekiti tu. Ugomvi wake ulikuwa na kokoro, ule wavu mrefu wa kukokota. Enzi zile viwanda vya minofu Mwanza vilikuwa vinaugombea sangara, matajiri wakanunua makokoro na kuajiri vijana wayavute usiku mpaka nchi kavu, kwenye maji mafupi, kulekule samaki wanakozaliana. Likipita kokoro linasomba vyote, mpaka vifaranga na mayai. Mwenyekiti alikuwa na fimbo yenye alama mbili zilizokatwa kwa kisu: sentimita 25 kwa sato, 50 kwa sangara. Asubuhi anakaa kwenye gogo, anamwita mwenye karai, analaza samaki juu ya fimbo. Akipungua, haongei. Anamtazama mvuvi mpaka mvuvi aangalie pembeni. Makokoro aliyoyakamata yalichomwa mchana kweupe, moshi mweusi wa nailoni, sisi vijana tunashangilia, mama zetu wanakohoa. Alirushiwa mawe. Mtumbwi wake ulitobolewa usiku. Waliotoboa tunawajua kwa majina na kwa baba zao.

Kufika kijijini siku hizi ni raha, hilo silibishi. Daraja la Kigongo–Busisi, ambalo limepewa jina la Magufuli, lina kilomita 3 juu ya Ghuba ya Mwanza, na tangu lifunguliwe Juni 2025 unavuka hata hujamaliza soda. Zamani palepale ulisubiri kivuko unatafuna mahindi ya kuchoma, na ukishuka ng'ambo unajua nani kafa, nani kaoa, nani kakimbia deni. Habari hizo sasa ziko kwenye grupu la WhatsApp. Niliingizwa bila kuulizwa, nikakuta tayari nimeandikiwa: "Mdau wa Diaspora, laki tano, ahadi." Sikumwahidi mtu. Kumbe ukiishi Uingereza unaahidi kwa kuwepo tu huko.

Sasa nifike kwenye lililonichoma. Mengine yote, keki na fulana, ningeyacheka nikaenda zangu.

Zamani daftari la msiba lilikuwa kwa karani chini ya mwembe. Unatoa ulichonacho. Mwenye mia tano anaandikwa, mwenye debe la mahindi anaandikwa, aliyeleta mzigo wa kuni anaandikwa, na kina mama wanapitiliza jikoni na unga wao ndani ya kanga, hata karani hawaoni. Kilichosomwa mbele za watu ni jumla, familia ijue imesaidiwa. Nani kampita nani, ulikuwa hujui, na ukijua unanyamaza.

Safari hii mshereheshaji alisimama na karatasi na kutuanika mmoja mmoja, kuanzia juu. "Milioni mojaaa! Simama mheshimiwa tukuone! Matarumbeta!" Matarumbeta yanalia, mtu anatembezwa mpaka mbele, anapigwa picha na fremu ya marehemu, anarudi kwenye kiti kilichovalishwa kitambaa cheupe. Anafuata wa laki nane. Anafuata wa laki tano, yaani mimi, na ahadi yangu ya kutungiwa. Nilisimama. Ungefanyaje, na watu wote wamegeuka?

Sasa yule wa milioni moja. Ni tajiri wa makokoro, yuleyule, sasa anaitwa Mkurugenzi. Ndiye aliyekuwa mgeni rasmi. Alivaa fulana yenye sura ya Mwenyekiti, sura imetanuka juu ya tumbo, macho moja huku moja kule. Akashika kipaza sauti akasema marehemu alikuwa rafiki yake mkubwa, kwamba yeye ndiye aliyemfundisha kulipenda ziwa. Watu wakapiga makofi. Wazee waliobeba mawe ya nanga kumzuia huyo huyo asituchomee nyumba, nao wakapiga. Mjane wa Mwenyekiti alijifunika mdomo kwa kitenge, mabega yanatikisika, nikadhani kilio kimemzidi. Mdogo wangu alikuwa amekaa naye; jioni akaniambia mama alikuwa anacheka.

Wa elfu mbili na elfu tano hawakusomwa. Waliitwa "na wengineo". Mzee mmoja, ambaye miaka yote ndiye aliyempigia Mwenyekiti kasia kwenye doria za usiku, alikuja kwa miguu na kapu la michembe, viazi vitamu vya kukausha. Nililiona kapu likipokelewa na kusogezwa chini ya meza. Nilipomuuliza mweka hazina mbona mzee hakutajwa, alinionyesha karatasi yake kwa upole kabisa: kuna safu ya jina, safu ya ahadi, safu ya taslimu. Michembe haina safu.

Ile fimbo nayo ilikuwepo, mezani, karibu na keki. Wameizungushia utepe wa satini kutoka juu mpaka chini, zambarau na nyeupe, alama zote mbili zimefunikwa. Na kwenye sahani ya meza kuu nililetewa sangara mzima wa kukaanga. Mzima, kichwa na mkia, na sahani ikabaki na nafasi ya wali na kachumbari. Nilimtazama Mkurugenzi, naye alikuwa ameinamia wake.

Kwa mnaojiandaa kurudi, basi, haya yatawafaa kuliko ushauri wa kupanga nyumba Nyegezi au Buswelu kule Mwanza. Ukialikwa kumbukizi, fika mapema na nenda moja kwa moja jikoni kwa kina mama, ukamenye vitunguu. Kule hakuna ratiba, na hadithi za kweli za marehemu utazipata kule, na matusi yake yote. Usikubali kukalishwa mbele. Ukiulizwa unafanya kazi gani huko, taja ya chini kuliko uliyonayo. Na ukiwa na chochote, mpe mfiwa mkononi.

Mimi nilimpa mama mjane usiku ule, sisemi kiasi gani. Asubuhi grupu lilikuwa na orodha mpya, nimewekewa alama nyekundu: "hajakamilisha". Nikatoka kwenye grupu. Sijamaliza chai wamenirudisha, safari hii kwenye grupu la maandalizi ya mwakani, na mwenyekiti wa kamati aliyependekezwa ni Mkurugenzi.