Moyo Ulioombwa Usiseme

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Somo letu wiki hii ni Mwanzo 50. Yakobo amefariki Misri, na Yusufu anawaagiza waganga wake waupake mwili wa baba yake dawa usioze. Kazi hiyo ikachukua siku arobaini, na Wamisri wakamlilia siku sabini. Wengi wetu huiruka mistari hiyo, tunakimbilia pale Yusufu anapowasamehe ndugu zake. Leo naomba tukae hapo kidogo.

Wamisri walikuwa mafundi wa kazi hiyo. Ubongo waliutoa kupitia puani kwa kulabu, wakautupa. Walipasua ubavu wa kushoto, wakatoa maini, mapafu, tumbo na utumbo, na kwa karne nyingi vitu hivyo vilitunzwa katika mitungi minne. Mwili ukafukiwa kwenye magadi ya Wadi Natrun, bonde lililo kaskazini-magharibi ya Cairo, chumvi ya jamii moja na ile ya Ziwa Natron huku Tanzania. Magadi yakanyonya maji yote mwilini. Kisha mafuta, utomvu wa miti, na sanda ya kitani tabaka juu ya tabaka. Farao Ramesses II alifariki mwaka 1213 KK, na nywele zake zingali kichwani hadi leo.

Lakini moyo waliuacha mahali pake. Kwao akili na kumbukumbu za mtu zilikaa moyoni, na mbele ya Osiris, mungu wao wa wafu, moyo huo ungewekwa kwenye mizani, upande wa pili unyoya wa Maat, yaani kweli na haki. Ukionekana mzito kwa maovu, Ammit, mnyama mla mioyo, yuko tayari: kichwa cha mamba, kifua cha simba, nyuma kiboko. Anautafuna, na mwenye moyo amekwisha.

Sasa angalieni jambo hili, maana ndilo lililonigusa. Kifuani mwa maiti, ndani ya sanda, waliweka jiwe, mara nyingi la kijani, lililochongwa mfano wa mbawakawa. Chini yake yalichorwa maneno ya marehemu akiusihi moyo wake mwenyewe usisimame kumshuhudia vibaya mbele ya mizani.

Mtu wa mali, ndugu zake wamelipia kila kitu, mwili umekaushwa vizuri, na bado anauomba moyo wake unyamaze! Alijua unajua. Siwacheki watu hawa hata kidogo. Walielewa kwamba kuna hukumu na kwamba moyo hausahau, na hayo mawili wako Wakristo wanaoishi kama hawajawahi kuyasikia. Tunakuja ibadani tumependeza, tunaimba, na kuna jambo moja tumeuambia moyo usilitaje kamwe.

Daudi anaomba kinyume kabisa katika Zaburi 139: "Ee Mungu, unichunguze, uujue moyo wangu." Anaufungua mwenyewe. Anapataje ujasiri huo? Yohana anatujibu katika waraka wake wa kwanza, sura ya 3 mstari wa 20: hata mioyo yetu ikituhukumu, Mungu ni mkuu kuliko mioyo yetu, naye anajua yote. Anajua yote, na ndiye aliyemtoa Mwanawe kwa ajili yetu.

Basi jioni ya leo, kabla ya kulala, tuiombe Zaburi hiyo, na kila mmoja alitaje mbele za Bwana lile jambo moja, kwa jina lake.