Mguu Mmoja wa Kapasita

Amplifaya ya mjomba ilinitesa miezi mingi. Ni Fender Deluxe Reverb ya mwaka 1966, ya valvu, zile taa za kioo kama za redio za zamani, wati 22, aliyorudi nayo kutoka Marekani enzi za ubaharia wake. Hapa Dar es Salaam tunaiwasha kwa transfoma ya kushusha umeme hadi volti 120. Nyuzi nene za gitaa langu zilivuma vizuri, ila nikipanda juu kupiga solo, zile nyembamba zilichoma masikio. Na katika dansi, gitaa la solo ni mwimbaji wa pili. Linatakiwa ling'are, lisikate. Nikaanza kudunduliza fedha za spika mpya.

Mzee mmoja, fundi redio wa Kariakoo, alinikatalia. "Spika haina kosa, mwanangu. Lete mashine tuifungue."

Nilipopeleka mkono ndani, aliudaka. "Usiguse! Umeme umelala humo." Kapasita, yaani vifaa vinavyotunza chaji ya umeme, zile kubwa za amplifaya hiyo huweza kubaki na volti zaidi ya 400 hata plagi ikiwa imechomolewa. Akazimaliza chaji kwa rezista, akapima kwa mita mpaka sindano ikalala sifuri.

Ndipo akanionyesha kapasita ndogo kama punje ya dengu, pikofaradi 47, iliyolehemiwa kwenye volyumu ya chaneli ya vibrato. Kazi yake ni kuzipa sauti kali njia ya mkato, zisipite kwenye volyumu. Ukifungulia sana, huoni tofauti, kwa kuwa kila sauti inapita. Ukipiga chini chini, kama nilivyokuwa nikipiga chumbani usiku kwa kuwahurumia majirani, sauti nzito zinabanwa na zile kali zinapenya peke yake. Miezi yote ile nilikuwa nikikorofishwa na kidude hicho!

Nilidhani angeikata. La. Aliyeyusha lehemu, akainua mguu mmoja tu, akauvika kipande cha plastiki usiguse kitu.

"Mashine hii imekuzidi umri. Ukitaka kuirudisha kapasita, iko hapo hapo."

Tukawasha, tukasubiri valvu zipate moto. Nikapanda juu kabisa, kwenye uzi wa kwanza, pale pale palipokuwa panachoma. Sauti ikatoka imejaa, laini, na bado inang'aa. Mzee alikuwa ameshaanza kukusanya vifaa vyake. Akaviweka chini.

"Hebu rudia hapo," akasema.