Kumbukumbu ya mradi: baiskeli ya kupandia Lushoto

Januari: ninachokitaka

Nataka baiskeli moja tu. Siku za kazi initoe Tabata hadi mjini, na mwishoni mwa mwaka inipandishe kutoka Mombo mpaka Lushoto nikiwa na mizigo yangu nyuma. Anayeifahamu njia ile anajua ninachosema. Ni kilomita 33 hivi za lami yenye kona, unapita Soni, na unapanda karibu mita 1000 kabla hujaiona Lushoto. Nikishafika juu nataka kuzunguka vijijini Usambara kwa njia za vumbi, kwa hiyo tairi nyembamba hazitanifaa.

Mradi una sharti moja: kipuri kikifa Korogwe, nikipate Korogwe, au fundi wa Korogwe aweze kukifufua. Kila nilichonunua nimekipitisha kwenye sharti hilo kwanza, ndipo nikauliza bei.

Nilianza kwa kupita madukani kuangalia baiskeli mpya. Zipo nzuri: fremu za alumini, magurudumu ya 29, shokapu mbele, breki za diski za mafuta. Nimezijaribu na zinapendeza kuendesha. Lakini shokapu za bei ya chini ni nzito, na zikianza kuvuja hakuna anayezifungua, zinabaki mzigo wa chuma unaonesanesa kila ukikanyaga pedali. Breki za mafuta nazo zina lao. Za Shimano zinatumia mafuta ya madini, nyingine zinatumia DOT ileile ya magari, na ukichanganya unaharibu mipira ya ndani. DOT utaipata kwenye duka lolote la spea za magari. Mafuta ya madini ya breki sijui utayaulizia wapi ukiwa Mombo.

Marafiki zangu wawili, tangu mashindano ya dunia ya baiskeli ya Kigali ya Septemba 2025, hawataki kusikia kitu kingine isipokuwa baiskeli za mbio. Nawaelewa. Ilikuwa mara ya kwanza mashindano yale kufanyika Afrika, na kumwona bingwa Pogačar akipanda vilima vya jirani zetu kulitugusa sote. Ila barabara tunazopita kila siku ni za mchanga pembeni na mashimo katikati, na mimi naijenga ya barabara hizo.

Februari: fremu

Nimeipata kwenye mtumba, Ilala. Fremu ya chuma cha kromoli, ya zamani, uma wa mbele wa chuma bila shokapu, magurudumu ya 26. Rangi imechubuka lakini mabomba yamenyooka. Nilipewa nzima, na magurudumu yake, kwa laki mbili na themanini.

Kabla ya kutoa hela niliangalia sehemu nne. Chini ya bomba la mbele pale linapokutana na bomba la usukani, maana ndipo ajali ya uso kwa uso inapoacha mkunjo. Chini kabisa kwenye mhimili wa pedali, ambako maji hutuama. Masikio ya nyuma yanayoshika ekseli. Na bomba la siti: nilimwomba muuzaji alitoe niingize kidole ndani. Baiskeli iliyokaa pwani huoza kwa ndani huku nje inang'aa, na bomba la siti lililogandia humo linaweza kukugharimu fremu yote. Hii ilitoka kwa kuvuta mara moja.

Nikaipeleka kwa mzee wangu wa Buguruni, fundi aliyeshika spana tangu sijazaliwa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba binti. Leta nione."

Akaigeuza juu chini, akapitisha kidole gumba kwenye kila maungio, akagonga bomba kwa mpini wa bisibisi akisikiliza.

"Hii ichukue," akasema. "Ikikatika Kigoma wataichomelea Kigoma. Ile ya alumini ikikatika utazunguka nayo mji mzima."

Februari, mwishoni: namba za tairi

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu naona watu wanapoteza pesa kila wiki. Ukienda Kariakoo ukasema "nipe tairi ya 26", unaweza kupewa tairi isiyoingia kwenye ringi yako, na muuzaji hajakudanganya. Kuna 26 za aina mbili zinazotembea mjini. Baiskeli za milimani zina 26 inayoandikwa kwa nukta, kama 26 x 1.95, na ringi yake ni ya milimita 559. Baiskeli za Kijapani zenye kikapu mbele, zile tunazozipokea kwa makontena, zina 26 x 1 3/8, na ringi yake ni milimita 590. Hazibadilishani hata ufanyeje.

Halafu kuna Phoenix, Hero na Avon, baiskeli za wazee wetu, zenye 28 x 1 1/2, yaani 635. Na kuna 700C ya baiskeli za mbio, ambayo ni 622, ileile ya wanaouza "29". Kwa hiyo achana na inchi. Soma ubavuni mwa tairi, pameandikwa kwa mfano 50-559: namba ya kwanza ni upana kwa milimita, ya pili ni kipenyo cha ringi mahali tairi inapokaa. Ya pili ikilingana na ya ringi yako, tairi itaingia.

Mimi nimebaki na 559 kwa makusudi. Tairi zake na tyubu zake nimeziona kwenye maduka madogo ya njiani, pembeni ya sabuni na betri. Mbele na nyuma nimeweka zenye upana wa 50, mstari laini katikati kwa ajili ya lami na meno pembeni kwa ajili ya vumbi. Valvu ni ile nene ya pikipiki, inayojazwa upepo kwenye kituo chochote cha mafuta. Ringi za baiskeli za mbio mara nyingi zina tundu jembamba la valvu ya Kifaransa. Tundu hilo ni la milimita 6.5 wakati valvu nene inataka 8.5. Ukinunua ringi, liangalie tundu.

Machi: gurudumu la nyuma

Mvua za masika zimeanza, nikaona ndio wakati wa kazi za ndani.

Gurudumu la nyuma ndilo linalobeba uzito wangu, mizigo na nguvu ya cheni. Spoku za upande wa cheni hukazwa kuliko za upande wa pili, kwa sababu kaseti, yaani rundo la gia za nyuma, inachukua nafasi na ringi lazima ibaki katikati ya fremu. Ndiyo maana zinazokatika nyingi ni za upande huo, na ndizo ambazo huwezi kubadilisha njiani bila kutoa kaseti. Niliamua kulisuka upya: ringi ya kuta mbili, matundu 36, spoku mpya zote. Habu, yaani kitovu cha gurudumu, nilibaki na ya zamani kwa kuwa vikombe vyake havina makovu. Tulibadilisha golori na grisi tu. Upana wa ekseli ni milimita 135, kipimo cha kawaida cha baiskeli za milimani za umri wake.

Mzee alilisuka akiwa amekaa kwenye kigoda, kila spoku ikivuka wenzake watatu. Alipomaliza kukaza akawa anazikwanyua kwa ukucha moja baada ya nyingine kama mpiga kinanda anayetafuta sauti, na iliyotoa mlio mzito akaiongezea robo mzunguko. Kisha akanipa nilishike kwa ekseli nilizungushe. Ringi haikucheza. Nimebeba spoku nne za akiba, mbili za kila upande kwa kuwa urefu wake hautofautiani kwa macho lakini unatofautiana kwa rula, nimezifunga kwa utepe kwenye bomba la fremu.

Aprili: gia

Nilitaka gia ya kupandia yenye huruma. Mbele nimebaki na meno 42, 32 na 22. Nyuma nimeweka kaseti ya gia 8, meno 11 hadi 34. Kwa gurudumu hili, gia nyepesi kabisa inakusogeza mita 1.3 kwa kila mzunguko wa pedali, na nzito kabisa mita 7.8. Ukizungusha mara 60 kwa dakika kwenye ile nyepesi unakwenda kilomita 4.8 kwa saa. Ni mwendo wa mtu anayetembea, lakini umekaa, unapumua, na unafika.

Wauzaji watakusukumia gia 11 au 12 nyuma. Ni teknolojia nzuri, sina ugomvi nayo. Lakini cheni ya gia 8 ni nene zaidi, bei yake ni nafuu, inavumilia mchanga, na mafundi wote wanaijua. Kibadili gia cha nyuma nimechukua chenye mkono mrefu. Hesabu yake ni rahisi: toa meno ya gia ndogo ya mbele kwenye ya kubwa (42 toa 22 ni 20), toa ya ndogo ya nyuma kwenye ya kubwa (34 toa 11 ni 23), jumlisha. Kibadili kinatakiwa kubeba tofauti ya meno 43, na namba hiyo iulize kabla ya kulipa.

Beringi ya mhimili wa pedali nimeweka ya kufungwa kabisa, isiyoingiza maji, ekseli ya ncha za mraba. Anayejaribu mwenyewe nyumbani akumbuke kwamba upande wa cheni nyuzi ni za kinyume: unafungulia kuelekea kulia. Nimeshuhudia kijana akining'inia kwenye spana kwa nguvu zake zote, na kadiri anavyovuta ndivyo anavyokaza.

Kuhusu cheni: jozi 12 za pini, ikiwa mpya, ni inchi 12 kamili kwa rula. Ikirefuka kufika 12 na moja ya kumi na sita, itupe. Ukingoja ifike moja ya nane, itakuwa imekwisha kula kaseti, na utanunua vyote viwili. Na tafadhali, oili chafu ya gari isiguse cheni. Inashika mchanga wote wa Dar. Tone moja la mafuta mepesi kwa kila pini, zungusha, futa kwa kitambaa mpaka nje pakauke.

Breki ni za waya, mikono miwili inayobana ringi. Raba mpya, waya mpya. Zinatosha.

Mei: nguo na siti

Nimetumia pesa nyingi hapa kuliko kwenye gia, na sijutii shilingi hata moja.

Siti kwanza. Nilikalia kipande cha boksi juu ya ngazi, nikainuka, nikapima umbali kati ya mashimo mawili yaliyobonyea. Hapo ndipo mifupa ya makalio inapokaa, na ndiyo inayobeba mwili. Siti inayouzwa na baiskeli nyingi ni nyembamba kwa wanawake wengi, na laini mno. Sponji ikibonyea sana inakusukuma pale pasipotakiwa kusukumwa. Nimechukua pana kidogo, ngumu kiasi, yenye mfereji katikati.

Kaptula ya baiskeli nimenunua mpya. Jezi nanunua mtumba, Karume zipo za ajabu, zenye majina ya vilabu vya vijiji vya Ubelgiji na Italia, mifuko mitatu mgongoni, kitambaa kinakauka ukiwa bado unaendesha. Ila kaptula ya mtumba hapana. Sponji yake imekwisha kulala kwa mtu mwingine, na usafi wake huwezi kuuthibitisha. Inavaliwa bila chupi, ili mshono usikukate, na inafuliwa kila ukirudi. Juu yake navaa suruali nyepesi pana, kwa sababu napita mitaa yenye wazee na nataka kusalimiana nao vizuri. Mguu wa kulia naubana kwa utepe usiliwe na cheni.

Mtandio navaa mwepesi wa pamba, naufunga bapa, fundo lisikae chini ya helmeti, ncha nazitia ndani ya jezi. Helmeti nayo ni mpya. Ile povu ya ndani ikishapondwa mara moja haifanyi kazi tena, na kwa nje hutaona kitu, kwa hiyo ya mtumba ni kununua usichokijua kwa ajili ya kichwa chako. Tafuta ndani lebo ya kiwango cha usalama, EN 1078 au CPSC. Kizibao cha kuakisi mwanga ni kile cha bodaboda. Dada zangu wanaoanza, msiache kizibao. Dereva wa lori anayetokea Ubungo saa kumi na mbili jioni anatakiwa akuone mapema.

Juni: ilipofikia

Naenda nayo kazini. Nimeipeleka Bagamoyo na kurudi siku ya pili, nikapitia Tegeta, Bunju na Mapinga. Mgongo mzima, mikono ilikufa ganzi kidogo, nikainua usukani kwa vipete viwili na ganzi ikaisha. Vilima vya Pugu napanda kwa gia ya pili kutoka mwisho, ya mwisho naiwekea Soni.

Kilichobaki ni keria. Za madukani zinazofaa tundu za fremu hii ni za alumini nyembamba, na mimi nitabeba hema. Mchomeleaji wa Gerezani amepima, ameniandikia nondo ya milimita 8, miguu miwili kila upande. Ameahidi Alhamisi. Nikiipata nitaifunga ndoo mbili za maji, lita kumi kila upande, nirudi Pugu nikaone breki zinasemaje wakati wa kushuka.