Walala Nje kwa Hiari Yako?

Nimerudi Amu, yaani Lamu, kwa wiki tatu, na kila usiku baada ya isha, barazani kwetu Langoni, swali ni lile lile. Kosa ni langu. Nilimwonyesha ami picha kwenye simu: hema dogo la kijani, ukungu, mawe, basi. Akaivuta karibu na macho.

"Huko Glasgow walipa kodi ya nyumba?"

Nalipa, ami.

"Na hapa walala nje kwa hiari yako?"

Ndiyo, ami.

Akawageukia wenzake. "Mwamsikia?"

Tangu hapo kazi yangu ni kujieleza. Milima ile, Cairngorms ya Scotland, si mirefu hivyo. Kilele chake kikubwa, Ben Macdui, ni mita 1,309; vipange vinne kama hicho na bado hujafika kilele cha Kilimanjaro. Ugumu wake ni hali ya hewa. Asubuhi jua, adhuhuri mvua ya kulala, magharibi upepo wa kukuangusha. Kulala huko hakuhitaji tikiti wala kibali: sheria ya Scotland ya mwaka 2003 yampa mwenda kwa miguu haki ya kupiga hema karibu popote penye ardhi wazi, mradi akae mbali na nyumba za watu na barabara, asigande mahali pamoja siku nyingi, na asiache hata ganda la chungwa.

Ilikuwa Oktoba. Mimi na Mskoti mwenzangu wa kazini tulishuka treni Aviemore tukaingia Lairig Ghru, njia inayokata katikati ya milima na kufika mita 835 hivi. Upepo ulitoka kusini na bonde likaubana. Nilicheka mwenyewe: kusi limenifuata! Mvua haikunyesha kutoka juu, ilikuja ubavuni.

Hapo ndipo nilipokosea. Nilivaa jinzi na fulana ya pamba, na shingoni nimejifunga kikoi alichonipa mama. Wallahi, kikoi ni nguo ya kila kazi: taulo, shuka, kilemba, mto. Lakini pamba ikiroa haikauki upesi wala haihifadhi joto, yakunyonya. Mwenzangu alikuwa ameniambia mapema nivae sufu. Nikamwona mwoga.

Alasiri akataka tupige hema kwenye tambarare kando ya mto, pamelainika vizuri kama busati. Nikakataa. Majani pale yalikuwa yamelala upande mmoja, na vijiti na takataka vimejipanga mstari, kama mwani unavyojipanga ufukweni Shela baada ya bamvua. Maji yalishafika pale, na yangeweza kurudi. Tukapanda juu kidogo. Hema nikaligeuza omo upeponi, upande mwembamba mbele, kama chombo kilichotia nanga.

Niliposimulia hapa, ami alitikisa kichwa kwa kuridhika. "Angalau hilo hukulisahau."

La kupigia kamba ndilo lililonishinda. Vidole vilikataa kazi. Nilikuwa nimetetemeka saa nzima, kisha kutetemeka kukaisha, nikahisi raha, nikataka kuketi tu. Mwenzangu akaniuliza kitu kwa Kiingereza nikamjibu Kiamu, na sikujua. Akaelewa mara moja. Akanivua nguo zote mbichi bila haya, akaniingiza kwenye mfuko wa kulalia aliokuwa ameuhifadhi ndani ya mfuko wa mpira, akawasha jiko la gesi mlangoni, akaninywesha maji moto yaliyojaa sukari. Tende zangu alinilisha moja moja kama mtoto. Baadaye alinieleza: ukiacha kutetemeka ilhali bado umeroa na kuna baridi, hiyo si nafuu, ni mwili kuishiwa nguvu.

Usiku upepo ulilipiga hema mpaka paa likatugusa pua. Halikung'oka. Alfajiri nilitafuta kibla kwa dira. Hapa Amu twaelekea kaskazini, kule ni kusini-mashariki. Kulipopambazuka nikachungulia: pale palipolainika kama busati palikuwa mto. Tulinyamaza sote wawili.

Siku hiyo tulilala kwenye kibanda cha mawe cha Corrour, kilichojengwa 1877 kwa mlinzi wa kulungu, na sasa chatunzwa na watu wa kujitolea. Hakuna umeme, hakuna kufuli, hakuna malipo. Hilo la kufuli barazani hawakuliamini kabisa.

"Na kikoi?" mama akauliza kutoka ndani ya daka.

Nikamwambia kimekauka, salama, nimejifunika nacho kila usiku Glasgow.

Ami alikuwa bado na simu yangu mkononi, ameikuza picha mpaka ukaonekana mshono wa hema. Akauliza limenigharimu kiasi gani. Nikataja, kwa shilingi. Akanywa kahawa, akakaa kimya, kisha akauliza kama kile kitambaa chauzwa kwa yadi.