Godoro limekufa kiunoni tu: kumbukumbu ya kulikata na kulipanga upya

Jumamosi ya kwanza

Leo nimeamua kupima kabla ya kulalamika tena. Godoro letu ni la sponji, pande moja lisilo na tabaka, urefu sentimita 190, upana 150, unene 20. Limeshaweka mabonde mawili, langu na la mwenzangu, na katikati limebaki tuta. Anayejigeuza usiku hupanda kilima kwanza.

Nimevuta uzi kutoka ukingo mmoja hadi mwingine pale viuno vinapolala, kisha nikashusha rula kutoka kwenye uzi hadi kwenye godoro. Bonde langu: sentimita 6. La mwenzangu: 5. Nikaliteremsha godoro sakafuni nikapima tena, nikapata 4.5 na 3.5. Kumbe sentimita moja na nusu haikuwa kosa la sponji hata kidogo.

Nimekichunguza kitanda. Chaga moja ina ufa, na mbili za katikati zimeachana sentimita 11. Sponji isipopata kitu cha kuikalia huzama kwenye pengo, na kwa godoro la aina hii inafaa mapengo yasizidi sentimita 7 au 8. Nimebadilisha chaga yenye ufa, nikaongeza nyingine kwenye pengo na kuzifunga zote kwa skrubu kwenye mifumbati. Saa moja ya kazi, na mabonde yamepungua kabla sijaligusa godoro lenyewe. Anayesoma hapa kwa haraka na asome aya hii tu.

Jumapili

Nimefanya ujinga. Nilikuwa na mto wa kiti chakavu, sponji yake ya sentimita 50 kwa 50, unene 6. Nimeuingiza chini ya kava, juu ya bonde langu kabisa. Asubuhi mwenzangu ameniuliza, "Sasa tunalala kwenye godoro au kwenye begi?"

Nilidhani sponji ni sponji. Nimeupima mto huo kwenye mizani ya jikoni: gramu 400, yaani karibu kilo 27 kwa mita moja ya ujazo. Hivi sasa godoro silijui uzito wake, lakini kwa kidole tu mto ni mgumu mara mbili. Wauzaji wengi huchanganya mambo haya mawili. Uzito kwa ujazo hukwambia ni kiasi gani cha sponji kimo ndani, na kwa kawaida hukupa fununu ya itadumu kwa muda gani. Ugumu ni nguvu unayohitaji ili kuibonyeza. Sponji nzito inaweza kuwa laini, na nyepesi ikawa kama ubao.

Jumatano

Nilikuwa nimeligeuza juu chini tangu Jumapili usiku. Usiku wa kwanza, raha. Usiku wa pili, raha kidogo. Jana bonde limerudi, sasa likiwa limejificha: juu panaonekana sawa, chini kuna uvungu, na ukilala sponji inazama humo. Sponji ni vipovu vilivyoganda. Kuta za vipovu hivyo zikishavunjika, hazijali upande upi uko juu. Kiuno ndicho kizito, na joto la mwili pamoja na jasho huilainisha zaidi palepale.

Jumamosi ya pili

Nimefungua zipu. Kwanza nilisoma lebo, na hapa sitaki mzaha: baadhi ya magodoro yana kitambaa cha nyuzi za kioo chini ya kava kwa ajili ya kuzuia moto. Ukilivua kava la namna hiyo nyuzi husambaa chumba kizima, huwasha ngozi na kukera kifua. Lebo ikizitaja, au ikikataza kuvua kava, acha. Langu halikuwa nazo.

Ndani sponji imegeuka rangi ya njano, jambo ambalo hewa na mwanga huifanyia na si lazima liwe ugonjwa. Niliogopa zaidi unga. Nimeisugua kwa kidole gumba kila mahali, haikupukutika. Hakuna ukungu, hakuna kunguni. Ningekuta kimojawapo kati ya hivyo vitatu, kumbukumbu hii ingeishia hapa.

Kisha nimebonyeza kwa ngumi, hatua kwa hatua, kutoka mchagoni hadi miguuni. Mchagoni inaruka juu. Kiunoni inajivuta kama mzee anayeinuka kwenye mkeka. Miguuni ni mpya! Miaka yote hiyo sehemu ile imebeba visigino tu. Nimekaa chini nikaitazama, ndipo wazo likaja: kwa nini nitafute kiraka nje wakati kimo humu humu, chenye ugumu uleule na umri uleule?

Mpango ni kulikata mara mbili kwa upana. Kipande cha mchagoni sentimita 65, cha kati 60, cha miguuni 65. Cha miguuni kihamie kati, cha kati kiende miguuni.

Jumapili ya pili

Kisu cha mkate chenye meno, kirefu. Usikandamize, vuta tu, vuta, mkono mrefu. Mkato wa kwanza nimeuharibu. Kisu hakikutosha unene wote, nikawa ninakifuata kwa macho kutoka juu, na nilipofika chini mstari ulikuwa umekwenda mshazari kama sentimita 2. Ukiunganisha vipande, juu vinabusiana, chini pengo.

Kwa mkato wa pili nilichora mstari kuzunguka godoro lote, juu, ubavuni na chini. Nikaweka ubao ulionyooka wa kuongoza kisu, nikakata nusu ya unene, nikaligeuza na kumaliza nusu nyingine. Ukatoka safi. Ule wa kwanza nimeunyoosha kwa kupunguza kabari nyembamba. Godoro limepoteza kama sentimita 2 za urefu, na hakuna aliyegundua.

Kipande cha miguuni nimekipima kwa kupanda nacho kwenye mizani na kutoa uzito wangu: kilo 4.8, yaani karibu kilo 25 kwa mita ya ujazo. Karibu sawa na ule mto wa kiti, na ugumu wala haukaribiani.

Gundi: ya sponji, inayobaki laini ikikauka. Gundi nyeupe ya mbao huacha mstari mgumu utakaousikia mgongoni. Nimepaka nyuso zote mbili, nikasubiri hadi ikawa inanata bila kulowesha kidole, ndipo nikavikutanisha. Sentimita 3 za juu nimeziacha bila gundi ili ukingo usifanye mfupa. Upande wa chini nimebandika utepe mpana wa kitambaa cha pamba juu ya kila kiungo. Madirisha wazi, hakuna moto wala sigara karibu: mvuke wa gundi hii huwaka, na sponji ikishika moto hutoa moshi wenye sumu, kaboni monoksaidi na sianidi ya haidrojeni. Limelala wazi siku nzima kabla ya kuvishwa.

Kipande kilichochoka nimekilaza bonde likitazama chini, na uvungu wake nimeujaza kabari niliyoipunguza pamoja na ule mto wa kiti, uliopasuliwa vipande vyembamba. Miguu haijali.

Kava limegoma kuingia, kitambaa kinaing'ang'ania sponji. Nimezungushia godoro karatasi jepesi la nailoni, kava likateleza, kisha tukalivuta karatasi tukiwa wawili, kila mtu upande wake, tukicheka.

(Ningekuwa na godoro la sufi ningekuwa nimemaliza siku ya kwanza: unalifumua, unaianika sufi juani, unaichambua, unarudisha na kushona vifundo kwa shazia. Sponji haichambuliki.)

Wiki ya tatu

Uzi na rula, kitanda kikiwa na chaga zake mpya: kiunoni sentimita 0.5 upande wangu, 0.5 wa mwenzangu. Miguuni 1. Kiungo cha sentimita 65 kinakuja chini ya mgongo, nami nilikuwa na wasiwasi nacho. Nikikitafuta kwa mkono nakipata, nikilala sikipati.

Mwezi wa pili

Kiunoni 1 upande wangu. Wa mwenzangu haujabadilika. Tumeanza kubadilishana upande wa kulala badala ya kulizungusha mchagoni kwenda miguuni, maana huko miguuni sasa ndiko kwenye ugonjwa. Kiungo cha pili kimeachia gundi ubavuni, kama upana wa vidole vinne. Jumamosi nitafungua zipu tena.