Nilivyoigiza Nafasi ya Idi Amin Bila Kunguruma

Nilipopewa nafasi ya Idi Amin katika filamu fupi ya Kiswahili iliyopigwa Kampala, ushauri wa kwanza wa mwongozaji ulikuwa kwamba nitoe macho, ningurume na kupiga meza. Ushauri huo ulinikera na bado unanikera, kwa kuwa unamgeuza mtawala aliyeshika nchi kuanzia Januari 1971 hadi Aprili 1979 kuwa zimwi la hadithi, na mtazamaji hataelewa kamwe kwa nini watu wazima walijaa barabarani kumshangilia alipopindua serikali.

Hata hivyo tulianza kwa njia aliyoitaka mwongozaji. Onyesho lilikuwa la Tororo, Agosti 1972, Amin anapowatangazia wanajeshi kwamba Waasia wataondolewa nchini, uamuzi uliowaacha na siku 90 tu. Nilinguruma tangu neno la kwanza. Wenzangu waliovaa magwanda walisimama wima, lakini macho yao yalikuwa yametulia, maana walikwisha kujua kwamba kelele ndiyo itakayofuata. Na tulipotazama picha, mimi nilikuwa natokwa jasho nao wanasubiri nimalize.

Hapo nikarudi kumtazama Forest Whitaker katika The Last King of Scotland, filamu ya 2006 iliyopigwa hapa hapa Uganda na kumpatia Oscar mwaka uliofuata. Whitaker alijifunza Kiswahili na kupiga kodiani, na anaanza kwa kupendeza: anacheka, anakumbatia, anatania, kisha hatari inaingia kwenye uso ule ule uliokuwa ukicheka. Watu humsifu yeye peke yake, lakini mimi nawasifu pia Abby Mukiibi na Stephen Rwangyezi, Waganda wenzetu walioigiza pamoja naye, kwa sababu ukubwa wa mtawala husomeka kwenye miili ya wanaosimama karibu naye. Anayetaka ushahidi atazame filamu ya hali halisi ya Barbet Schroeder ya 1974, mahali Amin mwenyewe anapozungumza na baraza lake, mawaziri wakiandika kila anachosema.

Mzee mmoja wa Bombo, mwanajeshi mstaafu, alilimaliza jambo hilo kwa maneno machache nilipomwonyesha nilivyokuwa nikinguruma. “Mwanangu,” aliniambia, “kelele ni kazi ya koplo. Mkubwa akisema polepole, kila mtu anasogeza sikio.” Nilimjibu, “Ndiyo, afande,” nikaenda kupanga hila yangu.

Nilikubaliana na mpiga picha peke yake. Tuliporudia onyesho, nilisema maneno yote kwa sauti ya chini, na baada ya “siku tisini” nikacheka, jambo ambalo halikuwa kwenye mswada. Askari wa mstari wa mbele wakacheka nami, na wa nyuma wakafuata. Nikatembea taratibu hadi kwa kijana mmoja katika mstari wa pili, nikamfunga kifungo cha shati kilichokuwa wazi, nami ghafla nikaacha kucheka. Kicheko kikafa mdomo mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akijitahidi asiwe wa mwisho, na kijana yule akameza mate huku shingo yake ikionekana wazi kwenye picha. Hofu ya namna hiyo haiagizwi kwa maneno, na najivunia kwamba niliipata bila kupandisha sauti. Mwongozaji hakubishana tena. Picha hiyo ndiyo iliyoingia katika filamu.

Magwanda yangu yalishonwa katika soko la Owino kwa shilingi laki mbili na kidogo, viatu nikaazima. Nilishauriwa pia nijifunge mito tumboni tangu siku ya kwanza ya mazoezi, nikakataa. Amin alikuwa bingwa wa ndondi wa Uganda katika miaka ya 1950, na bondia hata akinenepa bado hutembea kwa nyonga na nyayo, si kwa tumbo. Nilifanya mazoezi ya miguu kwanza katika klabu ya ndondi mtaani kwetu, na mito niliivaa tulipokaribia kupiga picha, mwendo ukiwa umekwisha kukaa mwilini.